Sale, Kichaka cha Kivulini

Mama mmoja wa Kinyangiri, wilayani Mkalama katika mkoa wa Singida, ametuandikia kutaka ushauri juu ya sehemu ya ua wake iliyomshinda. Sehemu hiyo ipo nyuma ya nyumba, upande wa kusini, baina ya ukuta wa jiko na mwarobaini mkubwa, wala jua haliifikii ila kidogo asubuhi. Amekwisha kupanda mawaridi, yakadhoofu. Amepanda maua ya mbegu, yakarefuka kama yanayotafuta kitu, kisha yakalala chini. Sasa ataka kichaka kifupi, kinachobaki kijani mwaka mzima, kisichopanda hata kuziba dirisha. Naye aongeza jambo lililo zito kuliko hayo yote: baba watoto amekwisha kusema kwamba maji yanayobebwa kichwani hayamwagiwi maua.

Baba huyo ana haki ya kusema hivyo. Singida hupata msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa sehemu kubwa ya mkoa mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 600 hadi 800. Miezi inayobaki ni ya ukame na upepo. Mtu anayemshauri mkazi wa Kinyangiri kana kwamba anamshauri mkazi wa Lushoto au Bukoba humpotosha tu. Lakini hesabu ya maji ya bustani haianzii kwenye ndoo, yaanzia kwenye jani. Jua kali na upepo ndivyo vinavyoyavuta maji kutoka majanini, nayo mizizi hulazimika kuyafuata mengine ardhini. Mmea uliokingwa na vyote viwili hunywa kidogo sana. Kwa hiyo kile kivuli ambacho mama huyu anakiona kuwa hasara ndicho akiba yake, mradi tu apate mmea ambao kwa asili yake haulihitaji jua.

Mmea huo tunao, na ni wetu. Ni sale, ambalo Wachaga huliita isale, na yakiwa mengi masale. Wasomaji wa Kilimanjaro hawahitaji kuelezwa. Huko sale ndilo mpaka baina ya kihamba na kihamba, hupandwa penye makaburi ya wazee, na jani lake huchukuliwa kwenda kuombea msamaha; aliyepelekewa sale na mkosaji hupata taabu sana kukataa. Hukua chini ya migomba na mibuni, katika kivuli cha miti mirefu iliyo juu ya migomba hiyo, na hakuna mtu anayehangaika kulimwagilia.

Wataalamu wa mimea huliita Dracaena fragrans. Asili yake ni misitu ya Afrika ya tropiki, kuanzia magharibi mpaka kwetu mashariki, hasa milimani. Huko msituni laweza kuwa mti mrefu wa mita 10 na zaidi, lakini uani, likikatwa kichwa kila linapozidi, hubaki kichaka cha kimo cha kiuno au kifua. Ukuaji wake ni wa polepole, jambo ambalo kwa mwenye dirisha la kulinda ni sifa, si kasoro. Likikomaa hutoa maua meupe yenye harufu inayosikika zaidi usiku.

Hapa niseme neno kuhusu Derema. Derema ni mahali katika milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, karibu na Amani, ambako Wajerumani walikuwa na mashamba ya kahawa mwishoni mwa karne ya 19. Sale la huko lilipelekwa Berlin, na mtaalamu Adolf Engler akaliandika kwa jina la Dracaena deremensis, yaani la Derema. Siku hizi wataalamu wanalihesabu kuwa ni aina moja na fragrans. Lakini jina la Derema limebaki katika maduka ya maua ya Ulaya na Marekani, ambako watu hununua sale kwa fedha nyingi ili kuliweka katika pembe za ofisi zisizo na madirisha. Ipo hata aina iliyochaguliwa kwa ufupi wake, yenye majani ya kijani kilichokoza yaliyosongamana kama kichwa cha nanasi, na jina lake la biashara ni Compacta. Hiyo ndiyo ningependa mama wa Kinyangiri aipate kama ingewezekana. Isipowezekana, sale la kawaida la kijani latosha. Yale yenye mistari myeupe au ya manjano hupendeza macho, ila huhitaji mwanga zaidi kidogo, na majani yake huharibika upesi. Sioni sababu ya kuanza nayo.

Wauzaji wengine wa miche mijini husema kwamba sale husafisha hewa ya nyumba. Asili ya maneno hayo ni majaribio yaliyofanywa mwaka 1989 na NASA, shirika la anga la Marekani, ndani ya visanduku vilivyofungwa. Mwaka 2019 watafiti wengine walizipiga hesabu upya, wakaona kwamba ili mimea ifanye kazi sawa na dirisha lililo wazi ingehitajika kuanzia 10 hadi 1,000 katika kila mita moja ya mraba ya sakafu. Fungua dirisha, sale lipande kwa uzuri wake.

Pengine msomaji atauliza: mbona tusipande minyaa, ambayo imejaa Singida na Dodoma na haiombi maji? Minyaa ni ua hodari, lakini ni mmea wa juani. Kivulini hurefuka na kulegea. Tena utomvu wake ni hatari kwa macho, na mahali penye watoto wanaocheza nyuma ya jiko mimi nisingeupanda. Mkonge pori, ule wenye majani magumu ya madoa unaoota chini ya vichaka vya nyika zetu, ni jambo jingine. Huo hustahimili kivuli na kiu pamoja, na katika miaka ya 2010 wataalamu waliuingiza katika ukoo huo huo wa Dracaena. Kwa yule asiyeweza kabisa kupata sale, mkonge pori kutoka nyikani ni badala nzuri, ingawa hauwi kichaka.

Kupata sale si kazi kubwa kwa mwenye ndugu Moshi au Arusha. Hahitaji mche wenye mizizi. Kipande cha shina chenye unene wa kidole gumba au zaidi, kikifungwa katika gunia lenye unyevu, husafiri kwa basi la Arusha na Singida kupitia Babati bila kudhurika, na hata kikikaa wiki nzima hakifi. Wafanya biashara wa Amerika ya Kati husafirisha mashina kama hayo kwa meli, yakiwa yamepakwa nta upande wa juu yasikauke. Nasi twaweza kutumia nta ya mshumaa.

Mwenye kujua kupanda muhogo amekwisha kujua nusu ya kupanda sale. Kata pingili za sentimita 15 hivi, ukiweka alama upande wa juu ili usije ukazigeuza. Ziache kivulini siku moja jeraha likauke. Kisha zisimamishe, nusu yake ndani ya udongo, katika kopo au ndoo kuukuu iliyotobolewa chini. Udongo uwe wa kichanga uliochanganywa na samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza. Weka chombo hicho mahali penye joto lakini pasipo jua, na udongo uwe na unyevu bila kulowa. Majira yaliyo bora ni Novemba na Desemba, hewa inapoanza kuwa na unyevu. Katika wiki nne hadi sita macho yatavimba na kutoa majani. Juni na Julai, baridi ya Singida ikishika, pingili hukaa tu bila kufanya lolote, na watu wengi huzitupa wakidhani zimekufa.

Adui wa pingili changa ni mchwa. Hapendi majivu, kwa hiyo nyunyiza majivu ya kuni kuzunguka chombo, na usiache vijiti wala nyasi kavu zikigusa shina. Kuku nao hufukua, na mbuzi wa kiangazi halli kwa kuchagua. Uzio wa miiba kwa mwaka wa kwanza ni wa lazima. Mbwa na paka wakitafuna majani hayo hutapika, basi wenye kufuga wajue.

Sasa tuje mahali penyewe. Kinyangiri ipo zaidi kidogo ya nyuzi nne kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba tangu Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri husimama upande wa kaskazini wa paa, na ukuta wa kusini hubaki kivulini muda wote wa kiangazi. Kuanzia Oktoba jua huhamia kusini, lakini huwa karibu na utosi, na upenu wa kawaida hulizuia. Mama wetu, pasipo kujua, amepewa upande ulio bora wa nyumba yake. Upande wa mashariki nao hufaa, kwa kuwa jua la asubuhi ni pole. Wa magharibi ni wa kuepukwa, maana jua la saa tisa alasiri huyaunguza majani ya sale yakawa na mabaka kama yaliyomwagiwa maji ya moto.

Kusini kuna ila moja tu. Upepo wa kiangazi katika kanda ya kati huvuma aghalabu kutoka mashariki na kusini-mashariki, na upepo huo hukausha kuliko jua. Kinga ya fito au matete yenye kimo cha mita moja, ikisimamishwa upande huo, itaokoa maji mengi kuliko ambavyo mtu angedhani.

Kisha kuna huyo mwarobaini. Mizizi yake husambaa na kunywa kila kinachomwagwa jirani. Ukichimba shimo ukakuta mizizi imesongamana kama kamba, usishindane nayo. Panda sale katika debe na kuliinua juu ya mawe matatu. Ukikuta udongo uliolegea, chimba shimo la futi moja na nusu kila upande, changanya samadi, na panda sentimita 60 kutoka ukutani, ukiacha nusu mita baina ya shina na shina. Fanya hivyo mvua zikiwa zimeanza, ili mizizi ipate miezi minne ya kushika kabla ya Mei. Funika udongo kwa kokoto badala ya majani makavu, kwa sababu ya mchwa.

Maji ndiyo mashtaka ya baba watoto, na jibu lake ni hili. Sale lililoshika kivulini, lenye kokoto juu ya mizizi na kinga ya upepo, latosheka na kopo moja la lita moja kwa wiki. Katika miezi iliyo mikali, makopo mawili. Kipimo cha kweli ni kidole: kichovye udongoni, na kama kiungo cha kwanza kimetoka na unyevu, acha. Masale mengi yanayokufa mikononi mwa watu hufa kwa kuzidishiwa maji na kuoza mizizi. Wala maji hayo si lazima yawe safi. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanatosha kwa shina tatu au nne, na nyumba gani haina hayo? Maji ya sabuni ya unga yasitumiwe, maana chumvi zake huganda katika udongo.

Nimefika katika jambo ambalo kwalo nimeona barua hii inastahili ukurasa mzima. Sale lina tabia moja ambayo wakulima wa maua wa nchi za nje wameijua kwa miaka mingi: halivumilii madini ya floridi. Madini hayo yakiwamo majini, mizizi huyanyonya, na kwa kuwa maji hutoka katika jani na madini hubaki, hujikusanya katika ncha na kingo. Ncha hukauka na kuwa na rangi ya kahawia, pengine na mstari wa manjano mpakani. Jani lingine lote huendelea kuwa kijani na lenye afya. Aina za Derema, pamoja na ile fupi niliyoisifu, ndizo zenye wepesi mkubwa wa kuumia.

Na mkoa wa Singida, kama Arusha, Manyara, Kilimanjaro na Shinyanga, umo katika sehemu za nchi yetu ambako maji ya visima vingi yana floridi nyingi, kwa sababu ya mawe ambayo maji hayo hupitia. Si kila kisima. Visima viwili vya kijiji kimoja vyaweza kutofautiana kabisa. Lakini madini yale yale yanayounguza ncha ya sale ndiyo yanayoyatia meno ya watoto madoa ya kahawia, ambayo watu wengi huyaona kuwa ni ya kurithi au ya kutopiga mswaki. Mswaki hauyaondoi, kwa kuwa madoa hayo huingia jino likiwa bado linaundwa ndani ya ufizi, katika miaka minane hivi ya kwanza ya maisha. Mahali ambapo floridi ni nyingi mno, na mtu akinywa kwa miaka mingi, hata mifupa hukakamaa na kupinda.

Mwaka 1974, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na maji mengine, serikali iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 za floridi katika lita moja. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 1984 lilitaja miligramu 1.5, na kiwango chetu kimeshushwa hatua kwa hatua hadi kufikia hapo hapo. Tofauti kati ya 8 na 1.5 yaonekana vinywani mwa watu wazima wa leo.

Sisemi kwamba kila sale lenye ncha kavu ni ushahidi dhidi ya kisima. Ncha hukauka pia kwa upepo, kwa kiu, na kwa mbolea za chumvi-chumvi. Superfosfeti yenyewe huwa na floridi, basi isitiwe katika sale hata kidogo. Lakini ukiwa umekinga upepo, umetia maji kwa kipimo, hukutumia mbolea ya dukani, na bado majani mapya yanakauka ncha moja baada ya nyingine, hapo ni busara kuwapelekea maji hayo wanaoweza kuyapima. Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji hufanya kazi hiyo, na kwa vijiji mlango wa kupitia ni ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa mwaka 2019. Jani laweza kuleta shaka, lakini kipimo ndicho kitoacho jibu.

Wakati wa kungoja jibu, akina mama wafahamu mambo mawili. La kwanza, kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Maji yanayopungua kwa mvuke huiacha floridi yote sufuriani. La pili ni magadi. Magadi yanayotiwa katika mlenda na maharage nayo huwa na floridi, pengine nyingi, na mtoto mdogo anayekula mlenda kila siku huipata kwa njia mbili. Kuyapunguza hakugharimu senti. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimekuwa kikitengeneza machujio ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambayo hunasa madini hayo vizuri.

Ila dawa iliyo karibu zaidi ni paa. Maji ya mvua hayana floridi ya kuhesabika. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Basi bati la mita 40 za mraba, kwa mvua ya milimita 600, hupokea lita 24,000, na hata ukiondoa sehemu ya tano inayopotea hubaki zaidi ya 19,000. Watu sita wakinywa lita mbili kila mmoja kwa siku, siku 200 za kiangazi huhitaji lita 2,400. Tangi la lita 3,000 lililofunikwa vizuri, ambalo halikupokea mvua ya kwanza yenye vumbi la bati, linatosha kwa maji ya kunywa ya nyumba nzima hadi Novemba. Bei yake si ndogo, najua. Familia isiyoweza tangi na ianze na pipa moja kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka minane, kwa maana ni meno yao ambayo bado yanaundwa.

Sale lenyewe litapata maji ya mboga kama kawaida. Likionyesha ncha kavu, nyunyiza konzi moja ya majivu ya kuni katika udongo kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu udongo usio na uchachu huizuia floridi isipande kwa wingi. Ncha zilizokwisha kukauka hazirudi. Zikate kwa mkasi kufuata umbo la jani, ukiacha uzi mwembamba wa kahawia bila kuugusa, la sivyo jeraha jipya litakauka tena. Msimu wa mvua, liache linyeshewe kadiri inavyowezekana, hata kama ni kwa kulitoa debe lake nje ya upenu siku ya mawingu, ili udongo uoshwe.

Mwaka wa pili au wa tatu shina litakaribia dirisha. Likate kwa kisu kikali mahali popote unapotaka kimo kiishie, mwanzoni mwa mvua. Chini ya mkato yatatoka machipukizi mawili au matatu, na hapo ndipo sale litakapoanza kuwa kichaka badala ya mti. Kile kichwa kilichokatwa kiondolewe majani ya chini na kupandwa kando, na shina lililobaki likatwe pingili za sentimita 15 kama mwanzo. Kwa shina moja la mita moja mama atapata pingili tano au sita, za kutosha upande wote wa ukuta wa jiko na nyingine za kumpa jirani.